Kadi ya Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa studio, Tabasamu alifuta kioo cha dirisha kwa kitambaa chenye unyevu. Hilo halikuwa jina lake. Lakini kila mteja aliyeketi mbele ya kamera yake aliambiwa, "Tabasamu, tabasamu kidogo tu." Mtaa mzima ukaanza kumwita hivyo, naye akaitika.

Nyuma ya kioo kile ilining'inia picha kubwa ya familia yake. Yeye na mkewe walikuwa wamesimama. Binti zao wawili walikuwa wameketi mbele. Nguo zilikuwa zimenyooshwa na hakuna aliyefumba macho. Wote wanne walikuwa na ngozi ya rangi moja, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi.

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na rangi hiyo.

Tabasamu alikuwa mweusi. Mkewe alikuwa Mzungu, ambaye jua likimgusa kidogo tu huwa mwekundu. Watu walimwita Fundi, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza fremu za picha katika chumba cha nyuma. Binti yao mkubwa alimfuata mama. Tangu akiwa mtoto wa kubebwa, watu walimsifia uzuri, wakampa jina la Kidosho. Mdogo alimfuata baba, tena akampita. Alikuwa mweusi kama bibi yake mzaa baba. Yeye aliitwa Chiriku, kwa sababu aliongea tangu anapofumbua macho hadi usingizi unapomkata kauli.

Picha ile ya dirishani Tabasamu aliifanyia kazi kwenye kompyuta. Alimng'arisha Chiriku sana. Akajing'arisha yeye kiasi. Mkewe na Kidosho akawatia giza kidogo, mpaka wote wakakutana katikati. "Kila mtu ametoa kidogo," alijiambia. Aliona ametenda haki.

Tangu picha ile ipande dirishani, wateja waliacha kuuliza, "Na huyu mdogo ni wa nani?" Swali hilo lilikuwa likimchosha. Lilikuja na jicho fulani, jicho la kumpima yeye, kumpima mkewe, kisha kumpima mtoto.

Nyumbani, nyuma ya studio, mambo ya rangi hayakuzungumzwa. Siku moja Chiriku, akiwa bado mdogo, alinyoosha kidole katika foleni ya benki. "Mama, mbona yule shingo yake nyekundu na mkono wake mweupe?" Fundi alimminya vidole. "Nyamaza. Hatusemi mambo hayo." Chiriku alinyamaza. Wazazi wake waliona amepata adabu.

Asubuhi moja aliingia jirani yao, mwanamke aliyefanya kazi katika kliniki ya ngozi. Wote walimwita Nesi. Alihitaji picha za pasipoti.

"Keti hapo, dada. Nyoosha shingo. Tabasamu... ah, hapana, za pasipoti hazitaki meno."

"Leo umepata wa kukutii," alisema Nesi. "Nimekunja uso tangu nyumbani."

Taa iliwaka, ikazimika. Tabasamu alihamia kwenye kompyuta.

"Sasa nikung'arishe kidogo."

"Uning'arishe, kwani mimi sufuria?"

"Kidogo tu. Wateja wanapenda."

"Mimi sipendi. Nikiulizwa safarini huyu ni nani, niseme ni pacha wangu wa studio?"

Fundi, aliyekuwa akipima ubao mlangoni, alicheka. Tabasamu alicheka pia. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kuanza kazi bila kumngoja. Akaurudisha.

"Na ile ya dirishani," Nesi aliendelea, "huwa napita naitazama. Chiriku wangu yuko wapi mle?"

"Si huyo mbele, kulia."

"Huyo? Huyo ni mtoto wa watu aliyemwazima Chiriku gauni."

Tabasamu alijifanya anahangaika na waya. "Printa inanisumbua," alisema. "Picha zako njoo uzichukue wiki ijayo."

Mwanzoni mwa mwaka, shule ya akina Chiriku ilikuwa imempa Tabasamu kazi ya kupiga picha za kadi za wanafunzi. Aliwapiga wote katika siku moja, mmoja baada ya mwingine, mbele ya pazia la buluu. Wengi aliwaacha kama walivyo, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi. Chiriku wake alimfanyia kazi. Alitaka kadi yake ipendeze.

Kadi hiyo ndiyo Chiriku aliyoivaa shingoni Jumamosi ya mashindano ya mbio baina ya shule. Hakuna msichana wa darasa lake aliyemfikia kwa kasi. Wiki nzima hakuwa na habari nyingine. Alieleza jinsi ya kupinda kona, jinsi ya kuvuta pumzi, na jinsi jirani wa kushoto anavyoweza kukupiga kiwiko. Kidosho aliziba masikio.

"Ukikimbia kama unavyoongea," Fundi alimwambia akimfunga kamba za viatu, "wenzako watakuta umesharudi nyumbani."

Alirudi nyumbani mapema kweli. Jua lilikuwa bado halijapanda vizuri wakati mwalimu wa michezo alipomfikisha mlangoni. Chiriku alikuwa amebeba viatu vyake vya mbio mkononi. Vilikuwa safi, hata chembe ya vumbi hakuna.

"Ameumia?" Tabasamu aliuliza.

"Hajaumia," alisema mwalimu. "Hakukimbia. Wamemkatalia langoni." Akaiweka kadi juu ya meza ya wateja. "Msimamizi aliitazama hii, akamtazama mtoto. Akasema kadi ni ya mtu mwingine. Unajua kuna shule huazima kadi ili ziingize wakimbiaji wasio wao, ndiyo maana wamekuwa wakali. Nikamwambia huyu namfundisha mwenyewe. Akanijibu, 'Wewe unamjua, sawa. Lakini huyu wa kwenye kadi simwoni hapa.'"

"Huyo msimamizi ana macho ya kuku."

Mwalimu hakucheka. "Mzee, nami nimeitazama. Macho yangu ni mazima."

Tabasamu aliichukua kadi, akaigeuza upande wa nyuma.

"Ijumaa kuna mbio za mwisho za kuchagua timu," mwalimu alisema. "Wamekubali akimbie, ila aje na kadi yenye sura yake. Asipokimbia Ijumaa, timu inaondoka bila yeye. Sina njia nyingine."

"Nitalishughulikia."

"Nakutegemea."

Chiriku alikuwa anatazama viatu. "Utakimbia Ijumaa, mama," Tabasamu alimwambia. Chiriku aliitikia kwa kichwa, akapita ndani.

Wakati wa chakula hakusema neno. Vijiko vilisikika, kitu ambacho si cha kawaida katika nyumba ile.

"Kimempata nini?" Fundi aliuliza watoto walipoondoka mezani.

"Kadi imekosewa. Ni ile printa, inaharibu rangi."

Fundi alimtazama. Aliijua printa ile. Ndiye aliyeinunua, na alijua haijaharibu rangi hata mara moja. Lakini naye alikusanya sahani, akaenda kuziosha. Alikuwa na yake aliyokuwa akiyanyamazia.

Kutengeneza kadi mpya ni kazi ndogo. Picha asilia ilikuwa bado imehifadhiwa. Tabasamu aliifungua jioni ile akaiweka kando ya ile iliyong'arishwa. Kulia alikuwepo Chiriku. Kushoto alikuwepo mtoto aliyemtengeneza yeye, kwa mkono wake, kwa ustadi. Alijaribu kufikiria mteja mwingine yeyote aliyewahi kumsogeza mbali kiasi kile. Hakumpata. Akaifunga kompyuta. Kesho yake akaifungua tena, akaifunga tena. Alijiambia Ijumaa bado iko mbali.

Siku iliyofuata alitoka kupeleka fremu kwa mteja. Aliporudi alimkuta Nesi barabarani, akija kuchukua picha zake. Wakaingia pamoja.

Chiriku alikuwa ametoka shule. Alikuwa amepanda kwenye kiti kirefu, mbele ya kioo ambacho wateja hujitengenezea kabla ya kupigwa picha. Kadi yake ilikuwa imechomekwa kwenye kona ya kioo. Mkononi alikuwa na brashi na kopo la poda, ile wanayopakwa wateja ambao nyuso zao zinang'aa jasho. Aliitazama kadi, akajitazama, akachovya brashi, akajipaka shavuni. Uso ulikuwa wa rangi ya jivu. Shingo na masikio yalibaki kama yalivyo.

"Chiriku. Unafanya nini?"

Hakugeuka. "Najaribu, Baba. Mashavu yanakubali. Huku kwenye paji la uso inakataa."

"Unajaribu nini?"

"Kufanana na kadi. Mwalimu amesema lazima nifanane nayo. Sitaki wanitazame tena vile."

"Vipi?"

"Kama mwizi."

Tabasamu alisimama na mkoba wake begani. Alimsikia Nesi nyuma yake akiacha kupumua, kisha akianza tena.

"Tutakachobadilisha ni kadi, mama," alisema. "Si wewe."

"Lakini kadi uliitengeneza wewe," alisema Chiriku. Sasa aligeuka. "Na ile ya dirishani uliitengeneza wewe. Nimezilinganisha. Zinafanana zote mbili. Asiyefanana ni mimi."

Tabasamu alitafuta kosa katika hesabu hiyo. Hakuliona.

"Kidosho humng'arishi," Chiriku aliendelea. Sauti yake haikuwa ya kulalamika. Alikuwa anauliza kama anavyouliza mambo mengine yote. "Mimi kila mara. Unaona aibu kuwa mimi ni mtoto wako?"

"Hapana. Hapana kabisa."

"Usimjibu haraka hivyo," alisema Nesi. "Mtoto kauliza swali zima, nusu ya jibu haimtoshi."

Tabasamu aliweka mkoba chini. Aliketi kwenye benchi la wateja. Masikio yalikuwa yanamchoma. Alitamani Nesi atoke, na papo hapo akajua kwamba Nesi akitoka, yeye atatafuta maneno ya kumzungusha mtoto.

"Watu walikuwa wanauliza wewe ni wa nani," alisema. "Wakimwona mama yako na Kidosho, halafu wakuone wewe. Nilichoka kujibu. Nikaona ni rahisi zaidi kubadilisha uso wako kwenye picha. Kwa hiyo, ndiyo. Mbele za watu, niliona aibu. Sikujiambia hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya. Kosa ni langu. Kwenye uso wako halikuwepo kosa."

Chiriku alifikiri. Poda ilikuwa imemwangukia kwenye sketi ya shule.

"Mimi nilidhani kuna kitu mnakijua."

"Kitu gani?"

"Kuhusu rangi yangu. Kwa sababu hamuitaji kamwe. Vitu mnavyokataa kuvitaja ni vibaya."

Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, vumbi la mbao mikononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Mpanguse," Nesi alimwambia Tabasamu. "Wewe, si mimi."

Tabasamu alichukua kitambaa, akakilowesha maji, akampangusa binti yake. Alianza na paji la uso. Alipangusa polepole, na rangi ile ya bibi mzaa baba ikarudi chini ya mkono wake. Macho ya Tabasamu yalijaa machozi, naye hakuyaficha.

Fundi alisogea. "Sisi tulitaka wasije wakawa wabaguzi," alimwambia Nesi. "Ndiyo maana tukasema hapa nyumbani hatuoni rangi."

"Fundi, wewe unachagua mbao kwa kutazama rangi. Mumeo anapata riziki kwa kutazama rangi. Mtoto anaona kutwa nzima mnasema hii imekolea, ile imefifia. Ikifika kwake yeye, mnakuwa vipofu. Afikiri nini?"

Fundi alijipangusa vumbi la mbao mikononi.

"Kuona tofauti hakumfanyi mtoto kuwa mbaguzi," Nesi alisema. "Mtoto mdogo kabisa anaona kwamba watu hawafanani, kama anavyoona huyu mrefu, yule ana ndevu. Anachosubiri kwa wakubwa ni maana. Mkimwambia, anajua. Msipomwambia, anaokota maana mitaani, au anaitunga mwenyewe kama huyu alivyoitunga. Kule kliniki napokea watu waliojiunguza ngozi kwa krimu za kujichubua. Huwa nawauliza walianzaje. Wengi hawamtaji mtu aliyewatukana. Wananiambia nyumbani mwenzao alisifiwa, na kuhusu wao watu walinyamaza."

"Rangi inatoka wapi?" aliuliza Chiriku. Uso wake ulikuwa umebaki na mstari mmoja mweupe karibu na sikio.

"Swali zuri. Leta mkono." Nesi aliuweka mkono wa Chiriku kando ya wake, kisha akamwita Fundi aweke wa kwake. "Ndani ya ngozi kuna kitu kinaitwa melanini. Ndicho kinachotia rangi. Mama yako anacho, mimi ninacho, wewe unacho. Mwenye nyingi anakuwa mweusi, mwenye kidogo anakuwa mweupe. Inaikinga ngozi na jua kali. Ndiyo maana mama yako akikaa nje anaiva upesi kuliko wewe. Hata wewe jua likizidi linaweza kukuunguza, usije ukasema Nesi alikudanganya."

"Na kwa nini Kidosho hana nyingi?"

"Kila mtoto huchukua kidogo kwa baba na kidogo kwa mama, na hachagui. Wewe na Kidosho mmechota kisima kimoja kwa ndoo tofauti. Baba mmoja, mama mmoja."

"Kwa hiyo yule wa benki, mwenye shingo nyekundu, alikuwa ameungua jua?"

Fundi alishtuka. "Bado unamkumbuka?"

"Ulinifinya."

"Nilikufinya," alisema Fundi. Alikaa kwenye benchi, kando ya mumewe. "Na kuna jambo jingine. Ninapokuja kukuchukua shuleni, watu wengine huniuliza kama mimi ni mlezi wako. Huwa nacheka, nasema nimekuja kumchukua. Siongezi neno."

"Najua," alisema Chiriku. "Huwa nasikia."

Fundi aliinamisha kichwa. Vumbi la mbao lilianguka kutoka kwenye nywele zake.

"Mtu akiuliza, mfanyeje?" Nesi alisema. "Jibuni kwa maneno machache, kwa sauti ya kawaida, mtoto akisikia. 'Ni wangu. Amefuata baba yake.' Basi. Si hotuba. Na mtoto akiuliza kwa sauti mbele za watu, msimfinye. Mwambieni, 'Ndiyo, watu wana rangi mbalimbali, huyu ana yake na wewe una yako.' Kama amemnyooshea mtu kidole, mfundisheni kutonyoosha kidole. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, msiyafunge kamba moja. Na msilolijua, semeni hamlijui, mtaulizia." Akasimama. "Sasa naomba picha zangu. Na kama ulining'arisha kwa siri, nitakudai."

"Ziko kama ulivyo," alisema Tabasamu.

Nesi alizitazama moja moja. "Mbaya kweli," alisema. "Lakini ni mimi."

Jioni ile walizungumza mezani. Mwanzo ulikuwa mgumu. Tabasamu alirudia mbele ya Kidosho aliyoyasema mchana, na mara ya pili hayakuwa mepesi.

"Kwa hiyo tunaruhusiwa kusema?" Kidosho aliuliza.

"Mnaruhusiwa."

"Hata neno mweusi? Hata Mzungu?"

"Hata hayo. Mtu akiyatumia kumdharau mwenzake, tutamkanya kwa dharau yake."

Kidosho alimtazama mdogo wake. "Shuleni wakiniuliza mbona hatufanani, nasema sijui."

"Mimi nasema wewe ulipauka kwenye kamba ya nguo," alisema Chiriku.

Fundi alitemea chai kwenye kikombe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi mtu kucheka mezani pale. Kisha Chiriku akauliza jambo ambalo halikuwa la kuchekesha.

"Mbona watu wakimwona yeye wanasema ni mzuri, wakiniona mimi wanasema naongea sana?"

"Kwa sababu unaongea sana," alisema Kidosho.

"Ngoja," alisema Tabasamu. "Swali lake ni la kweli." Aliweka kijiko chini. "Wako watu wanaodhani weupe ni uzuri. Walifundishwa hivyo, wengine bila kujua. Si kweli, na si haki. Mimi nimewasaidia kueneza jambo hilo, mteja kwa mteja, kwenye kompyuta ile. Nitaacha."

Hakuwa na uhakika kwamba anastahili kusema zaidi.

Kesho yake, kabla ya shule, alimketisha Chiriku mbele ya pazia la buluu. Alikuwa amegundua kosa jingine, la kazi. Taa zake zote alizipanga miaka mingi kwa ajili ya nyuso nyeupe na za maji ya kunde. Uso mweusi ukikaa pale ulitoka kama kivuli, ndipo yeye alipoung'arisha kurekebisha uvivu wake. Safari hii alisogeza taa upande, akaweka ubao mweupe upande wa pili ili urudishe mwanga shavuni, akapima mwanga usoni kwa Chiriku mwenyewe. Alijaribu mara kadhaa. Picha ilitoka na macho, na nyusi, na kishimo cha shavu. Ngozi ilikuwa nyeusi, yenye afya.

"Huyu ni mimi," alisema Chiriku.

"Nisiguse kitu?"

"Usiguse."

Ijumaa studio ilifungwa nusu siku, na familia yote ilikwenda uwanjani. Langoni alikuwepo msimamizi yule yule, mtu mnene mwenye filimbi. Alichukua kadi. Aliitazama, akamtazama Chiriku, akaitazama tena.

"Hii sasa ni yako," alisema msimamizi. "Ile nyingine nani aliitengeneza?"

Chiriku alifungua kinywa, kisha akamtazama baba yake.

"Mimi," alisema Tabasamu. "Nilikosea. Ni mwanangu."

"Na huyu mama?"

"Mimi ndiye mama yake," alisema Fundi. Sauti ilimtetemeka kidogo, lakini neno lilitoka lote. "Amefuata baba yake."

"Haya, pita, mtoto. Wenzako wanapasha misuli."

Chiriku hakuwa wa kwanza. Msichana mmoja mwenye miguu mirefu alimtangulia kwenye kona. Lakini aliingia katika timu, na viatu vilirudi nyumbani vyekundu kwa vumbi. Njia nzima aliwaeleza jinsi jirani wa kushoto alivyompiga kiwiko. Hakuna aliyeziba masikio.

Wiki iliyofuata walipiga picha mpya ya familia. Ilikuwa kazi ya kutwa, kwa kuwa taa moja haiwezi kuwatendea haki watu wanne wa rangi tofauti. Fundi alitengeneza fremu mpya. Ile ya zamani Tabasamu hakuitupa. Aliibandika ukutani juu ya kompyuta, mahali ambapo angeiona kila mkono wake utakapotaka kwenda wenyewe. Baadhi ya wateja bado waliomba kung'arishwa. Aliwaonyesha kwanza picha yao iliyopigwa kwa taa nzuri, akawauliza, "Huyu ana kasoro gani?" Wengi waliichukua kama ilivyo. Wachache walinung'unika, wakaenda studio nyingine.

Asubuhi moja mteja mgeni alisimama dirishani akiitazama picha mpya. Aliingia ndani na jicho lile lile ambalo Tabasamu alilijua.

"Familia yako?"

"Familia yangu."

"Na huyu mdogo ni wa nani?"

Nyuma ya pazia la buluu, Chiriku alikuwa akitafuta kiatu cha shule huku akijisemea peke yake. Maneno yalikatika. Hata kiatu hakikusikika tena.

"Wangu," alisema Tabasamu. "Amenifuata mimi, na bibi yake. Karibu uketi."

Mteja aliketi. Pazia lilitikisika, kichwa kikachomoza.

"Shikamoo," alisema Chiriku. "Unajua melanini?"